Pampu Iliyobaki Ronge

Mkamburi alikuwa amejiapiza kwamba Fanuel akija hatamtazama usoni. Atamsalimia kama mwalimu anavyomsalimia mwalimu mwenzake, atamwonyesha vitu vilivyochangwa, atamsaidia kufunga, kisha amuage kwa heshima zake. Viapo vya namna hiyo hudumu mpaka mwenyewe atokee mlangoni.

Naye alitokea Ijumaa mchana, wanafunzi wakiwa wameshakwenda nyumbani. Alisimama kwenye mlango wa darasa la saba, koti ameliweka begani, viatu vimejaa vumbi jekundu la njia ya kupandia Ronge kutoka Mwatate. Alikuwa mrefu na mwembamba, na alikuwa na macho ya mtu asiyezoea kuomba. Mkamburi alimtazama usoni, akasahau hata kumkaribisha.

"Hodi wenyewe," Fanuel alisema huku akitabasamu.

"Umeshaingia. Unabisha hodi ya nini?"

"Nabisha kwingine. Hapa nimeshaingia."

"Haya, umeanza na hicho Kiswahili chako cha redio."

Fanuel alikuwa mwalimu ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, ukishapita Taveta na Holili. Shule yake ilikuwa ya watoto wa wakata miwa. Walionana mara ya kwanza mwaka uliopita, shule za pande zote mbili zilipoalikwa Taveta kwa michezo. Watoto wa Fanuel walikuja pekupeku, na mpira wao ulikuwa wa matambara yaliyofungwa kwa kamba za mgomba. Walipopewa mpira wa kweli waliuogopa. Mmoja aliuinua akaunusa. Mkamburi alirudi Ronge siku hiyo akakosa usingizi, na mpaka leo hajui kama ni kwa ajili ya watoto wale au kwa ajili ya mwalimu wao.

Alimwambia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akawaambia wazazi, na muhula mzima watu wa Ronge wakachanga. Hawakuwa matajiri, lakini kila nyumba ilileta kitu: penseli, rula, fulana nyekundu za michezo zilizofifia, chaki. Shule ikatoa mipira yake yote ya netiboli na ya kandanda, ikabakisha mmoja. Sasa vyote vilikuwa mezani, kando ya kasha la mbao lililokuwa la majani ya chai.

Fanuel alichukua daftari moja akalifungua. "Haya madaftari nani ameyashona?"

"Darasa la sita. Kila mtoto alileta daftari lake la zamani, tukatoa karatasi zilizobaki safi, tukazishona upya na uzi wa mkonge."

"Watoto wangu wanaandika chini, kwa kijiti," Fanuel alisema. "Nikitaka kusahihisha, nainama."

Alienda dirishani akasimama, akampa Mkamburi mgongo. Mkamburi alijua analia, akajifanya anapanga penseli. Alitamani kwenda kuuwekea mkono ule mgongo, lakini alijua mkono wake ukifika pale hautarudi.

"Njoo tutoe upepo," alimwita. "Mipira haitaingia kwenye kasha ikiwa imejaa hivi."

Walipiga magoti sakafuni. Mkamburi alichomeka sindano, Fanuel akakandamiza, upepo ukatoka taratibu. Mikono yao ilikutana juu ya ngozi ya mpira, na hakuna aliyeuondoa wake.

"Pampu mnayo huko?" Mkamburi aliuliza, sauti ikiwa chini.

"Ya baiskeli ipo. Sindano ndiyo hakuna. Nimeitafuta mpaka Moshi mjini, nimekosa."

"Basi utaenda na hii yetu, na sindano yake. Sisi tutaazima Mwatate."

Fanuel hakusema asante. Aliushika ule mkono. "Mkamburi, kesho twende wote."

"Kwenda wapi?"

"Nyumbani. Mama ameshakuandalia chumba, utakaa na dada zangu mpaka tutangazwe kanisani. Mchungaji anajua. Watoto wanajua. Hata mbuzi wa kwetu nadhani wanajua."

Mkamburi alicheka, kisha machozi yakamlenga. "Na baba?"

"Mzee nimemjia na mjomba wangu, nimemjia peke yangu. Amenipa chai. Hakukataa."

"Hakukubali pia."

"Sasa tungoje nini?"

"Hajanitasia, Fanuel."

Hapo ndipo wawili hawa walipokuwa wakikwama kila mara. Kwa Wataita, mzazi hahitaji kukulaani ili uharibikiwe. Hasira yake tu, hata akiinyamazia, hukufuata njiani. Ndiyo maana mtoto akitaka kuondoka, mzazi humtasia: huchukua maji mdomoni, huitoa hasira yote moyoni, hunena maneno ya heri, kisha humpulizia yale maji kama umande. Mzee Obadiah Mwandawiro alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na kanisani hakuna aliyemsikia akilitaja jambo hilo. Nyumbani kwake, hata mwana mbuzi hakuuzwa bila kupuliziwa maji.

"Wewe ni Mkristo," Fanuel alisema polepole.

"Mimi ni Mkristo na ni mtoto wa Obadiah."

* * *

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Mkamburi alimkuta baba yake nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe. Mama yake, Tryphena, alikuwa jikoni, lakini alikuwa ameacha kukoroga ili asikie vizuri.

"Baba, yule mwalimu amekuja kuchukua vile vitu vya watoto."

"Nimesikia."

"Anataka kesho niende naye."

Mzee hakuinua kichwa. "Na wewe unataka?"

"Nataka, baba." Alishangaa jinsi neno lilivyotoka bila haya. "Nataka sana. Lakini sitaki kwenda kama Edith."

Kisu kilisimama juu ya mpini. Jina la Edith, dada yake mkubwa, lilikuwa halitajwi hovyo katika boma lile. Edith alimpenda mtu wa reli, akamfuata Tabora bila baraka ya baba yake, na mwaka haukuisha akafia uzazini. Obadiah alisafiri kwenda kumzika. Alipofika alikuta wameshamzika.

"Edith alitoka mlango huu," mzee alisema, "nami nikiwa nimesimama pale. Sikumlaani. Mungu ni shahidi, sikusema neno. Lakini hasira ilikuwa hapa." Alijigonga kifuani na mpini. "Nikamwacha aende nayo."

"Baba, Edith alikosa daktari."

"Ndivyo mnavyosema nyinyi mliosoma. Pengine ni kweli. Lakini mimi ndiye ninayelala na jambo hili."

"Basi nitasie mimi, na mimi niende salama!"

"Unafikiri sitaki?" Sauti ya mzee ilipasuka, na Mkamburi aliogopa, kwa sababu hakuwahi kuisikia hivyo. "Kila asubuhi naenda pale mferejini, nachukua maji mdomoni. Nasema leo nitamtasia huyu mtoto. Halafu naiona ile njia ya kwenda ng'ambo, namwona Edith kwenye udongo wa watu, hasira inapanda mpaka kooni. Nayameza. Fanuel hana kosa, ni kijana mzuri. Kosa ni la ile njia. Siwezi kukupulizia maji ya uongo, Mkamburi. Maji ya uongo ni mabaya kuliko hasira yenyewe."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Sijakukataza. Nasema tu bado."

Mkamburi aliingia jikoni, akaketi karibu na moto. Mama yake alimsogezea kikombe cha chai.

"Mama, niende?"

Tryphena alisukuma kuni motoni. "Baba yako angetaka kudanganya, angekutasia siku ile ile walipokuja na mjomba, akaondokana na kelele. Mngoje kidogo."

"Na Fanuel akichoka?"

"Akichoka, mwanangu, utakuwa umejua."

Lilikuwa jibu la busara na halikumsaidia hata kidogo.

* * *

Jumamosi asubuhi waliteremka Mwatate na lori la mboga, kasha likiwa katikati ya magunia ya kabichi. Dereva alikuwa na maneno mengi, na wao hawakuwa nayo. Katika stesheni Fanuel alilipakia kasha kwenye behewa la mizigo la treni ya Taveta, akazikagua kamba zake, kisha akarudi akiwa anatazama chini, miguuni pa Mkamburi.

"Sanduku lako liko wapi?"

"Liko nyumbani."

Wachuuzi wa ndizi walipita katikati yao, Fanuel akangoja wapite.

"Sikulifunga," Mkamburi aliendelea. "Fanuel, nisikilize. Jumamosi ijayo. Baba anapigana na moyo wake, nimemwona kwa macho yangu. Nipe wiki moja."

"Ulisema hivyo Krismasi."

"Najua."

"Kabla ya Krismasi ulisema hivyo pia." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililouma. Alisema kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa ubaoni. "Mkamburi, unanipenda?"

"Usiniulize maswali ya kijinga mbele ya watu."

"Niulize wapi, kama si hapa? Treni inaondoka."

"Nakupenda mpaka nimekuwa mjinga. Nafundisha hesabu nasahau jibu. Unataka nini tena?"

"Nakutaka wewe."

Mkamburi alifungua kikapu chake, akatoa pampu. Ilikuwa pampu ndogo ya mkono, rangi yake ya bluu imebambuka, sindano imefungwa kwa kitambaa ubavuni. Fanuel aliitazama bila kuelewa.

"Si tuliiweka kwenye kasha jana?"

"Nimeitoa leo asubuhi."

"Kwa nini?"

"Ili uniamini. Nikikuahidi kwa mdomo, utasema ni yale yale. Sasa mipira iko na wewe na pampu iko na mimi. Nisipokuja, haichezeki. Jumamosi nitakuja nayo, niijaze mipira mwenyewe mmoja mmoja mbele ya watoto wako."

Fanuel alitaka kucheka, akashindwa. "Kwa hiyo umewashika watoto rehani."

"Wiki moja tu. Wamecheza matambara maisha yao yote, wiki moja haitawaua."

Angejua maneno hayo yangemrudia vipi, angejiuma ulimi. Lakini wakati ule aliona ni ujanja mtamu wa mapenzi, na hata Fanuel mwenyewe uso wake ulilegea.

"Sawa," alisema. "Nitawaambia mwalimu wenu mpya yuko njiani, anakuja na upepo."

"Waambie."

"Watakungoja wao pia, Mkamburi. Si mimi peke yangu."

"Nimekwambia nitakuja."

Filimbi ikalia. Fanuel alimshika mkono mbele ya watu wote wa Mwatate, akaukandamiza kifuani kwake kwa nguvu, kisha akapanda. Treni ilipoanza kwenda, alitoa kichwa dirishani. Hakupunga mkono. Alimtazama tu, macho yamefunguka kabisa, kama mtu anayekariri kitu atakachoulizwa baadaye. Mkamburi alisimama na pampu yake mpaka treni ikapotea upande wa Bura.

Aliporudi nyumbani alasiri, baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango. Alipomwona bintiye anaingia uani, alisimama ghafla, kigoda kikaanguka.

"Umerudi?"

"Nimerudi, baba."

Mzee aliguna kitu kisichosikika, akazunguka nyuma ya nyumba. Tryphena alitoka akifuta mikono kwenye leso.

"Asubuhi alichungulia chumbani kwako akakuta kitanda kitupu," alimnong'oneza. "Amekaa hapo tangu wakati huo. Uji nimempa, umepoa. Alidhani umekwenda."

* * *

Wiki hiyo ilikwenda pole pole. Mkamburi alifunga sanduku lake, akalifungua, akalifunga tena. Jumatano aliikagua pampu, akaona ngozi yake ya ndani imekauka, akaipaka mafuta ya kupikia. Baba yake alikuwa akimtazama kutoka kivulini.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya mipira ya wale watoto, baba. Mipira imekwenda bila upepo."

"Wanaingoja hiyo?"

"Wanaingoja."

"Na wewe ungeweza kwenda nayo Jumamosi, pamoja na huyo mwenye mipira."

"Ningeweza."

"Lakini ulirudi."

"Nilirudi, baba. Ulisema bado."

Mzee Obadiah aliitazama ile pampu kwa muda, halafu akachukua jembe lake akaenda shambani. Alhamisi hakuzungumza na mtu.

Ijumaa mchana Mkamburi alikuwa uwanjani akiutia upepo ule mpira mmoja wa netiboli uliobaki shuleni, ili wasichana wacheze. Alimwona Mable, mwalimu wa darasa la tatu, akitoka ofisini mbio, viatu mkononi. Katika ofisi ile mlikuwa na redio.

"Mkamburi! Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

Mable alifika akasimama, na sasa alionekana kama anataka kurudi alikotoka. "Wametangaza saa hii. Mpaka umefungwa."

"Mpaka gani?"

"Wa Tanzania. Holili, Lunga Lunga, Namanga, kote. Watu hawapiti, magari hayapiti. Wamesema hakuna kitu kinachopita."

Mkamburi aliendelea kuisukuma pampu. Iliingia, ikatoka, ikaingia. "Mpaka lini?"

"Hawakusema."

"Si lazima waseme? Mtu hafungi mlango bila kusema atafungua lini."

"Hawakusema, dada yangu."

Wasichana walikuja wakachukua mpira, wakaenda wakipiga kelele. Mable alimshika bega, akaenda kuwafuata. Mkamburi alibaki chini kwenye nyasi. Aliliona kasha la chai liko wazi katika shule asiyoifahamu. Aliwaona watoto wamelizunguka, mipira imelala humo imebonyea, na Fanuel anawaambia kesho, kesho anakuja. Yeye ndiye aliyeitoa pampu. Aliitoa kwa mkono wake huu, kwa sababu alitaka kupendwa kwa kungojewa. Akainama juu ya pampu.

"Mkamburi."

Alikuwa baba yake. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya nguo za shamba, na mkononi alishika kibuyu kidogo. Alikuwa amepanda kutoka mferejini, suruali imelowa mpaka magotini, anahema. Huko shambani hakukuwa na redio. Uso wake ulikuwa mwepesi. Mkamburi hakuwa amemwona na uso ule tangu Edith alipokuwa hai.

"Nimekutafuta nyumbani," mzee alisema. "Simama, mwanangu."

Alisimama.

"Nimeamka leo nikaitafuta ile hasira, nimeikosa. Nimeenda shambani nikangoja irudi, haikurudi. Nimeitazama ile njia kwa makusudi kabisa. Nimeona njia tu." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Edith alikwenda bila kunigeukia. Wewe ulikuwa na sababu ya kwenda, ukarudi kuningoja mimi. Nitakukasirikia vipi?"

"Baba..."

"Usiseme kitu. Nitapoteza maneno."

Alikunywa kutoka kwenye kibuyu, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, mashavu yamejaa. Kisha akayapuliza. Maji yalimwangukia Mkamburi usoni, shingoni, mikononi, baridi kama ya alfajiri.

"Nenda ukiwa mzima," mzee alinena. "Njia iwe wazi mbele yako. Mlango utakaoubisha ufunguliwe. Uzae, na mimi nije niwaone wakiwa hai. Sina neno nawe. Sina neno na mume wako. Sina neno na nchi yake."

Akanywa tena. "Na hiyo pampu ilete."

Mkamburi aliinyosha mbele. Baba yake aliipulizia maji nayo, kwa uangalifu ule ule.

"Ikafike salama. Watoto wale wacheze."

Mkamburi alifungua mdomo amwambie. Kisha akautazama ule uso. Jioni atasikia tu, kwa jirani au kwa mtu yeyote njiani, na ile njia itamgeuka tena. Lakini kutoka shuleni mpaka nyumbani kulikuwa na mwendo mzuri, na miaka yote hii mzee hakuwa ameutembea akiwa na moyo mweupe. Angalau leo autembee.

Obadiah aliifuta pampu maji kwa mkono wa koti lake la kanisani, akamrudishia.

"Sanduku lako nitalibeba mwenyewe mpaka Mwatate," alisema. "Treni ni saa ngapi kesho?"

"Saa mbili asubuhi, baba."